Waya wa mbili na nusu unabeba ampea ngapi? Inategemea umelala wapi

"Shikamoo mtaalamu. Nina nyumba ya vyumba vitatu hapa Nzuguni, Dodoma. Nyaya zilipitishwa darini mwaka jana kabla ya gipsam. Fundi alitumia waya wa mbili na nusu kwenye soketi zote, na mstari huohuo ndio unaolisha shawa ya umeme ya bafuni, imeandikwa wati 5,500. Tukiwasha shawa na jiko la umeme la wati 2,000 kwa pamoja, breka ya 20 inakata. Fundi anasema dawa ni kuweka breka ya 32. Jirani yangu ameona kwenye jedwali kwamba waya wa 2.5 unabeba ampea 27. Muuzaji dukani anasema waya ulioandikwa volti 750 haushindwi na kitu. Mke wangu naye anaogopa kwamba tukiweka waya mnene utakula LUKU. Tena mwezi ujao nataka kupeleka umeme kwenye pampu ya kisima, mita 60 kutoka nyumbani. Nimsikilize nani?"

Marahaba, na pole na ujenzi. Nianze na la haraka, maana huenda fundi yuko njiani: breka ya 32 isifungwe kwenye mstari huo. Akifika nayo, mpe maji ya kunywa, mwambie airudishe dukani. Hayo mengine tuyazungumze taratibu.

Katika hao wanne, aliye karibu na ukweli ni jirani, naye hajafika. Ile 27 ipo kweli kwenye majedwali, hakuitunga. Ila ni namba ya waya uliolala mahali tofauti kabisa na pale ulipolala wako, na hilo ndilo watu wengi hawaambiwi wanaponunua waya. Ampea za waya hazikai ndani ya waya kama kilo zinavyokaa ndani ya mfuko wa saruji. Waya uleule mmoja unaweza kuwa wa ampea 27 ukutani na wa ampea 12 darini.

Tuweke sawa kwanza zile namba zinazoandikwa. Mbili na nusu si upana wa waya. Ni milimita za mraba, yaani eneo la uso wa shaba unaouona ukiukata waya kama unavyokata muwa. Waya wa 2.5 wenye uzi mmoja una kipenyo cha milimita 1.8 hivi. Ukiwa wa nyuzi saba, kila uzi huwa na kipenyo cha milimita 0.67. Nazo volti 450/750 zilizochapwa kwenye ganda zinahusu ganda lenyewe: linaweza kuzuia msukumo wa umeme wa kiasi gani usipenye kwenda nje. Hazisemi lolote kuhusu mzigo. Kusema waya wa volti 750 haushindwi na kitu ni sawa na kusema lori lenye turubai jipya haliwezi kuzidishiwa mzigo.

Mzigo wa waya ni ampea, na ampea zikipita kwenye shaba zinaacha joto. Shaba ni njia nzuri ya umeme lakini ina ukinzani wake kidogo, yaani inauzuia umeme kidogo unapopita. Waya wa 2.5 ukiwa umeshapata joto la kazi, ukipitisha ampea 20, kila mita ya waya inatoa takriban wati 3.6 za joto. Si nyingi. Lakini joto hilo haliendi sambamba na ampea. Ukizidisha ampea mara mbili, joto linapanda mara nne. Chukua shawa yako: wati 5,500 gawanya kwa volti 230 unapata ampea 23.9. Jiko la wati 2,000 ni ampea 8.7. Jumla 32.6. Kwa mzigo huo kila mita ya waya inatoa kama wati 9.6. Ampea zimeongezeka kwa chini ya theluthi mbili kuliko zile 20, joto limeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu.

Joto hilo lazima litoke liende mahali. Likitoka haraka, waya unabaki vuguvugu na unaishi miaka mingi. Likikwama, waya unapanda moto hadi ganda linaanza kuchoka. Ganda la plastiki ya kawaida, PVC, limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za sentigredi kwa kazi ya kila siku. Likipita hapo haliyeyuki siku hiyohiyo, na hapo ndipo udanganyifu ulipo, kwa sababu mwenye nyumba anaona mambo yanakwenda. Linakauka polepole, linakuwa gumu, kisha linapasuka kama biskuti. Niliwahi kufungua dari ya nyumba moja hapa mjini, yenye umri wa miaka sita tu, nikashika waya wa jiko na ganda likabaki vidoleni mwangu vipandevipande. Shaba ilikuwa wazi, imelalia mbao. Kwa nini nyumba ile haikuungua mpaka leo sijui kusema.

Sasa turudi kwenye jedwali la jirani. Wanaotengeneza majedwali haya wanauliza swali moja tu: waya ukilala namna hii, ni ampea ngapi zitaufikisha nyuzi 70? Kwa waya wa 2.5 wa shaba uliobanwa ukutani kwa klipu, hewa ikiupuliza, jibu ni 27. Ukiwa ndani ya paipu ya konduti iliyofungwa juu ya ukuta au kufukiwa kwenye ukuta wa tofali, ni 24. Paipu ikiwa imezungukwa na kitu kinachozuia joto, inashuka hadi 20. Na zote tatu zinachukulia kwamba hewa iliyouzunguka waya ni nyuzi 30. Jirani alisoma safu ya kwanza, waya wako unaishi kwenye safu ya pili, na ile nyuzi 30 ndiyo inayotuharibia hesabu sisi wa Dodoma.

Najua, watu watasema Dodoma ni baridi. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi kila mtu amejifunika kitenge au koti. Lakini waya wako haukai sebuleni. Uko kati ya gipsam na bati. Panda huko saa nane mchana mwezi wa Oktoba, jua la kabla ya mvua likiwa limelala juu ya bati tangu asubuhi, uone kama utakaa dakika kumi. Nyuzi 50 humo si jambo la ajabu. Waya unaoanza kazi ukiwa tayari kwenye nyuzi 50 umebakiwa na nyuzi 20 tu kabla ya kugonga 70, badala ya 40. Kwa hiyo ampea zake zinazidishwa kwa 0.71. Ile 24 inakuwa 17.

Bado hatujamaliza. Mafundi wetu wanapenda kupitisha mistari mitatu minne kwenye paipu moja ili kuokoa paipu. Nyaya zikibanana hivyo zinapashana moto. Mistari mitatu yenye mzigo ndani ya paipu moja, unazidisha tena kwa 0.70, na ile 17 inakuwa 12 kasoro kidogo. Nikiwa mkweli, hesabu hii ya mwisho ni kali ikiwa mistari mingine ndani ya paipu haina kazi ya maana, mathalani taa za LED. Mstari unaobeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake unaruhusiwa usihesabiwe. Lakini soketi za jikoni na shawa kwenye paipu moja zinahesabiwa, tena bila huruma.

Hapa ndipo breka inapoingia, na ndipo fundi wako alipopotea. Wengi wanadhani breka inalinda shawa au jiko. Hapana. Breka ni mlinzi wa waya. Kazi yake ni kukata kabla waya haujapita uwezo wake, kwa hiyo namba ya breka isizidi ampea za waya pale ulipolala. Breka yako ya 20 inapokata haijaharibika. Inakueleza kwamba unapitisha ampea 32.6 mahali ambapo hata 20 ni nyingi. Kumweka wa 32 ni kumfukuza mlinzi anayepiga kelele na kumleta anayelala.

Na huyo wa 32 analala kweli. Breka za nyumbani hazikati pale tu unapogusa namba yake. Kwa kiwango chake, breka ya 32 inatakiwa ivumilie ampea 36 kwa saa nzima bila kukata, na ikipitisha 46 inaruhusiwa kuchukua muda hadi saa nzima kabla ya kukata. Ndani yake kuna kibati cha metali mbili kinachojikunja kwa joto, na kujikunja kunataka muda. Kwa hiyo shawa na jiko lako, ampea 32.6, havitaikatisha milele, huku darini waya wa ampea 17 unabeba karibu mara mbili ya uwezo wake. Hata hali ya sasa si salama: shawa peke yake ni 23.9, na breka ya 20 inaweza kuivumilia hiyo kwa muda mrefu. Ndiyo maana mnaoga vizuri na kukatikiwa umeme pale tu jiko linapoingia.

Mtu makini ataniuliza: lakini shawa inawashwa alfajiri, dakika sita, dari ikiwa ya baridi, huoni kwamba unatutisha? Swali la haki. Shawa ni mzigo mkubwa wa muda mfupi, na waya unachukua dakika kadhaa kupanda moto. Kama ungekuwa na shawa peke yake kwenye mstari wake, ikatumika saa kumi na mbili asubuhi tu, huenda usingeona tatizo kwa miaka. Lakini nyumba ina watu. Siku ya wageni wanaoga watano mfululizo, jikoni chai inachemka, na wa mwisho ameamka saa saba mchana ametoka safari. Waya unahesabiwa kwa siku hiyo.

Basi cha kufanya. Mpaka fundi aje, mimi ningeizima shawa kabisa. Kama haiwezekani, nyingi zina swichi ya moto mdogo. Tumieni hiyo, na jiko lisiwashwe wakati mtu yuko bafuni.

Marekebisho yenyewe ni kuipa shawa mstari wake kutoka kwenye ubao wa breka, usioshirikiana na soketi hata moja, ndani ya paipu yake peke yake. Waya wa 6 wa shaba ndani ya paipu ni ampea 41. Ukipita darini unashuka hadi 29, kwa hiyo breka yake iwe 25, na shawa yako ya 23.9 inatosha humo. Ukiweza kuuchimbia ukutani badala ya darini, mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35, unabaki na 38 na hapo breka ya 32 inakubalika. Waya wa 4 darini unashuka hadi kama 23, hautoshi, ingawa ndio utakaoshawishiwa kununua kwa sababu ya bei. Njia ya pili ni kubadili shawa: iliyo ndogo, au hita ya jua juu ya paa. Gharama ya kuanzia ya hita ya jua ni kubwa, sikufichi, ila kwa jua hili letu na kwa familia inayooga maji moto kila siku, ni hesabu inayostahili kupigwa kabla hujabomoa ukuta.

Shawa ikishaondoka, soketi zinaweza kubaki na waya wao wa 2.5. Kwa kuwa zinapita darini, breka ya 16 ndiyo inayoendana nao kuliko hiyo ya 20. Jikoni ningependa pawe na mstari wake wa waya wa 4 na breka ya 20. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, na nyumba nyingi sasa zinaweka presha kuka na jiko la umeme pale ambapo palichorwa soketi ya kuchajia simu. Birika la wati 2,000 na jiko la wati 2,000 kwa pamoja tayari ni ampea 17.4.

Hofu ya mama nyumbani kuhusu LUKU naisikia sana, na ukweli umekaa kinyume chake. Mita inahesabu kinachotumika, na waya mwembamba unatumia zaidi kwa kujipasha moto. Kwa umbali wa mita 15 hadi bafuni, waya wa 2.5 unapoteza kama wati 150 shawa ikiwaka. Wa 6 unapoteza kama 60. Kwa pesa ni tofauti ndogo, hautatajirika, lakini waya mnene hauli uniti za mtu.

Kwenye kununua, angalia shaba yenyewe. Siku hizi kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, zinauzwa kama shaba tupu. Alumini si kitu kibaya. Nyaya nyingi za kwenye nguzo ni alumini. Ubaya ni kuuziwa kwa jina lingine, kwa sababu waya wa alumini wa unene uleule una ukinzani wa mara moja na nusu na zaidi, na unalegea kwenye skrubu usipofungwa kwa viunganishi vyake. Sumaku haitakusaidia, haivuti shaba wala alumini. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Au weka roli kwenye mizani. Mita 100 za waya wa 2.5 zina shaba ya kilo 2.2, bila ganda. Roli zima likiwa na kilo moja na nusu, hapo hapana shaba ya kutosha, hata liwe na nembo gani. Nembo ya TBS iangalie pia, ila usiache kisu nyumbani.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyafanya. Mimi sijui paipu zako zina mistari mingapi wala fundi aliunga wapi, na kwa uzoefu wangu nyaya nyingi zinaungua kwenye maungio kuliko katikati: skrubu iliyolegea, nyuzi zilizosokotwa na kufungwa tepu juu ya gipsam. Kama soketi yoyote ni ya moto ukiigusa, kama kuna harufu ya plastiki au ya samaki aliyeharibika isiyoeleweka inakotoka, au taa zinafifia shawa ikiwaka, zima meni swichi na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA, siku hiyohiyo. Afungue ubao, akaze, apime ganda la nyaya kwa kifaa chake, na apime erthi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Hilo la erthi kwa Dodoma nalisisitiza. Ardhi yetu ikikauka kuanzia Mei, fimbo ya erthi iliyopimwa wakati wa mvua ikaonekana nzuri inaweza isifae kitu Septemba, na shawa ni umeme, maji na mtu asiye na viatu mahali pamoja. Mstari wa bafuni uwe na kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, mafundi wanakiita RCD, cha miliampea 30.

Pampu ya kisima ni hesabu nyingine, kwa sababu hapo tatizo si joto, ni umbali. Tuseme kibandiko chake kinasema ampea 10. Kwa joto peke yake hata waya wa 1.5 ungeweza kujadiliwa. Lakini volti zinapungua njiani. Mita 60 za waya wa 2.5 kwa ampea 10 zinapoteza volti 10.8, unabaki na 219. Waya wa 4 unapoteza 6.6. Tofauti inaonekana ndogo, mpaka ukumbuke kwamba pampu inapoanza kuzunguka inavuta mara tano na zaidi ya ampea zake za kawaida. Kwa ampea 50 za kuanzia, waya wa 2.5 unapoteza takriban volti 54 na pampu inabaki na 176. Wa 4 unaipa kama 197. Na hiyo ni kama zile 230 zimefika nyumbani kwako kamili, jambo ambalo jioni, watu wote wakipika, haliko kila siku. Pampu inayoanza kwa shida inaunguruma, inapata moto, na mwisho koili zake zinaungua, kisha mwenye nyumba analaumu pampu.

Nunua wa 4, na uwe kebo ya kufukiwa ardhini yenye koti gumu, si waya wa ndani ya nyumba uliosukumwa kwenye bomba la maji. Ikiisha kufungwa, mwambie fundi apime volti palepale kisimani pampu ikiwa inaanza, asipime ikiwa imezimwa. Zikishuka sana chini ya 190, rudini kwenye waya na maungio kabla ya kuing'oa pampu.